Picha za Wageni Waliokwenda Pwani

Kazi yangu ya kwanza maishani ilikuwa kukaa kwenye kiti cha plastiki Karatu, kando ya barabara kuu, nikiwatazama wazungu wakisubiri picha zao zipande mtandaoni. Kafe ya intaneti ilikuwa ya shangazi yangu. Yeye alikuwa na saluni upande wa pili wa ukuta, na matokeo yangu ya kidato cha nne yalipotoka, yale ya kuyanyamazia, aliniambia niache kukaa bure Rombo, nije nimsaidie. Kompyuta zilikuwa sita, nne ndizo zilizofanya kazi. Juu ya bati palikuwa na dishi lililogoma kila wingu zito lilipopita likitokea upande wa kreta ya Ngorongoro, na Karatu wingu zito ni jambo la kila siku. Kwa hiyo nilikuwa mtu wa kuomba radhi kutwa nzima, na mimi kuomba radhi sikujaliwa.

Miaka ile wageni walikuwa ndiyo kwanza wameacha kamera za mkanda. Mgeni alitoka Ngorongoro kadi ya kamera imejaa simba, akashuka kwangu nimhamishie picha kwenye kompyuta, nimchomee sidii moja ya akiba, halafu zile nzuri azipandishe kwenye albamu yake ya mtandaoni ili ndugu zake wazione kabla hajarudi. Picha moja ilichukua dakika kumi, tena siku ya jua. Wengi walikata tamaa kwenye picha ya tatu. Waliniandikia anwani ya albamu kwenye daftari la wageni, wakaniambia watazimalizia kwao na nikipata nafasi nizitazame.

Ilikuwa desturi ya kafe yetu, sijui nani aliianzisha. Daftari lililala kaunta, na kila aliyepita aliacha salamu, barua pepe yake na mahali albamu yake ilipo. Nami nilizitazama kweli. Asubuhi kabla ya wateja, nikiwa na chai na andazi, niliingia kwenye nyumba za watu wasiojua kwamba nimeshatia mguu. Niliona harusi zao, mbwa wao, magari yao yaliyofunikwa na theluji. Shangazi aliniita mmbea wa kimataifa.

Yule mama aliingia siku ya mnada. Siku hiyo Karatu hujaa watu kutoka pande zote, Wairaqw na vitunguu vyao, Wamaasai na mbuzi zao kutoka nyanda za juu, na vumbi jekundu linaingia mpaka kwenye kibodi. Alikuwa mama wa makamo, mrefu, kichwa kimenyolewa, shanga shingoni na masikioni, viatu vya tairi miguuni. Hakukaa. Alisimama mlangoni akazikagua kompyuta moja moja kama anayechagua mbuzi.

"Picha ya wazungu inakaa hapa?" akauliza. Kiswahili chake kilikuwa cha mnadani, kifupi na kinachotosha.

"Zinapita tu, mama. Zinakwenda mbali."

"Zinakwenda, lakini wewe unaweza kuona?"

"Baadhi naweza."

"Basi mimi nataka kuona mtoto yangu."

Nikamvutia kiti. Akaniambia kwamba anatoka Nainokanoka, huko juu kwenye baridi. Kijana wake wa kwanza alikwenda Mererani kwenye machimbo miaka minne iliyopita, pamoja na wenzake wa rika lake. Wenzake walirudi. Mmoja akasema alimwona akiingia shimoni asubuhi, na jioni kifusi kilipoanguka hakumwona akitoka. Mwili haukupatikana. Nyumbani walinyoa vichwa kwa msiba, wakamaliza habari yake. Yeye naye alinyoa kwa sababu wote walinyoa, lakini moyo wake ulikataa, na kila mgeni aliyesimamisha gari pale kwao kupiga picha alizidi kuukataza kukubali.

"Mzungu akiona Mmaasai hapiti hivi hivi," aliniambia. "Anasimamisha gari, anatoa kamera. Mimi wamenipiga nikichota maji, wamenipiga nikikama, wamenipiga hata nikilia. Mzungu hachoki. Kama mtoto yangu anatembea juu ya ardhi, wamempiga. Kama hawajampiga, basi amekufa kweli."

Nilicheka. Naona aibu kuliandika, lakini nilicheka, kwa sababu nilikuwa na miaka ishirini na nilidhani kujua kubonyeza kompyuta ni kujua mambo. Kisha nikaanza kutafuta tundu katika hoja yake ili nimweleweshe. Nilitafuta mpaka chai yangu ikapoa, na tundu sikuliona.

Tena nilijua jambo ambalo yeye hakulijua. Wageni wetu wakimaliza kreta hupanda ndege kwenda Unguja kujilaza mchangani. Katika albamu zao, baada ya simba na faru, huja bahari, na huko baharini, katikati ya watu waliovaa chupi, nilishawaona vijana wa Kimaasai na rubega zao nyekundu wakiuza makubazi na bangili. Niliwaona mara nyingi sana. Sikuwahi kujiuliza ni watoto wa nani.

Nikamwambia. Akasogeza kiti karibu zaidi.

"Nitamjuaje?" nikauliza.

Akashika ndewe ya sikio lake la kushoto, ile sehemu ya chini iliyotobolewa na kurefushwa kwa mapambo, akaivuta. Ndewe ya kushoto ya kijana wake ilikuwa imechanika. Alipokuwa mdogo alimbeba mbuzi mchanga mabegani, mbuzi akaona shanga zinaning'inia, akazitafuna, akavuta. Mama alikuwa akinieleza hivyo huku akicheka, kisha akaacha kucheka. Akatazama mlangoni, akaniinamia sikioni, akanitajia jina la kijana wake kwa kunong'ona. Niliandika jina lile ukurasa wa nyuma wa daftari la wageni. Nilifikiri ananong'ona kwa haya.

Basi tukaanza. Kila siku ya mnada, kabla jua halijapanda, alishuka na lori la mbuzi akaja moja kwa moja kwangu. Nilikuwa nimeshaandaa albamu za wageni waliokwenda pwani, nimezifungua usiku kucha ili picha ziwe zimekamilika. Tulikaa mabega yakigusana. Alinizoea upesi, nami nikamwita yeyo, kama Wamaasai wanavyowaita mama zao. Alikuja na kibuyu cha maziwa yenye harufu ya moshi. Shangazi siku ya kwanza alilalamika kwamba harufu itakimbiza wateja wa saluni, siku ya pili akaonja, siku ya tatu akaja na kikombe chake.

Sikuwahi kukaa na mtu mwenye jicho kama lile. Mimi niliona kijana wa Kimaasai ufukweni. Yeyo aliona shanga.

"Huyu ni wa Longido," alisema. "Huyu ni wa Kenya. Huyu mama yake hajui kushona." Kisha akafika kwa mmoja aliyesimama ametanua kifua kati ya wasichana wawili wa kizungu, akamtazama kwa muda. "Huyu si Mmaasai kabisa. Rubega ameifunga kama khanga."

Kilichomshangaza zaidi ni miguu. Kila mgeni aliyelala pwani alipiga picha miguu yake mwenyewe, vidole juu, bahari nyuma.

"Kwa nini wanapiga miguu?"

"Wanaonyesha kwamba wamepumzika, yeyo."

"Miguu ndiyo inaonyesha?" Akatikisa kichwa. "Wangegeuza kamera kidogo, wangempiga mtoto wa mtu."

Albamu za daftari zilipokwisha nikaanza kuandika barua. Niliwaandikia wageni wote waliotuachia anwani, kwa Kiingereza changu cha shule, nikiwauliza kama katika picha zao za Unguja, hata zile walizoziona mbaya wakaziacha, kuna Mmaasai yeyote. Walijibu. Sikutegemea, lakini walijibu, tena kwa furaha, na kila mmoja akapandisha alichonacho. Nilipokea Wamaasai wa mbali wasioonekana uso, Wamaasai nusu waliokatwa na ukingo wa picha, na mgongo mmoja uliopigwa kwa ustadi mkubwa. Mzee mmoja alinitumia picha ishirini na mbili za kaa. Nilikagua masikio ya kushoto mpaka nikawa nayaona nikifumba macho, na kanisani Jumapili nilijikuta nayatazama ya watu wa mbele yangu.

Mnada wa nne yeyo aliniita mtoto yangu. Alilisema bila kufikiri, akinirudishia kikombe. Nilijifanya nasafisha skrini.

Sasa mimi ni mtu wa haraka, na haraka yangu mara nyingi hutangulia akili. Nilikuwa nimegundua ukumbi mmoja mtandaoni ambako wasafiri huulizana habari za hoteli na mabasi. Nikaandika tangazo humo: anatafutwa kijana fulani, mwenyeji wa Nainokanoka, ndewe ya kushoto imechanika, mama yake anamtafuta. Jina lake nililiandika kwa herufi kubwa juu kabisa. Nikachapa nakala kwenye karatasi ili nimwonyeshe yeyo.

Mnada wa tano hakuja peke yake. Alikuja na mumewe, mzee mrefu mwenye blanketi na fimbo, na wazee wengine wawili wa rika lake. Wakaketi kwenye benchi la wateja, fimbo zikiwa kati ya magoti, wakanitazama. Nilielewa kwamba yeyo amefanya kazi kubwa kumfikisha mumewe pale. Nikataka kumsaidia. Nikataka waone kwamba hapa si mchezo. Nikaichukua ile karatasi, nikasimama mbele yao, nikalisoma lile tangazo kwa Kiswahili, kwa sauti ya mtangazaji wa redio, nikianzia na jina.

Yeyo aliinamisha kichwa. Mzee alikuwa akitazama sakafu kwenye nafasi kati ya miguu yake.

Nikadhani nimelitamka vibaya. Jina la Kimaasai kinywani mwa Mchaga, nani anajua limefikaje kwao. Kwa hiyo nikalirudia, polepole na kwa nguvu zaidi, nikimtazama baba yake usoni.

Mzee alisimama. Hakunigombeza. Alitoka nje, wenzake wakamfuata, na yeyo akawafuata akiwa amejifunika shuka kichwani. Kibuyu chake kilibaki kaunta.

Aliyenieleza ni mlinzi wa kituo cha mafuta cha jirani, Mmaasai wa Enguserosambu, ambaye alikuja jioni kutia simu yake chaji. Nilimsimulia huku nikilalamika kwamba watu wale hawana shukrani. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Umemwita maiti kwa jina mbele ya baba yake," akasema. "Mara mbili."

"Sikujua."

"Ungejulia wapi. Sisi mtu akienda, jina tunaliacha lilale. Kama pale nyumbani yuko mwingine mwenye jina hilo, anapewa jingine. Na yule mama, nadhani watu walikuwa wakimwita kwa huyo kijana, ng'oto fulani, yaani mama fulani. Sasa atakuwa anaitwa kwa mtoto wake mwingine."

Hilo lilikuwa kweli. Nilikumbuka kwamba kule mnadani wenzake walimwita kwa jina la binti yake mdogo.

"Mbona yeye alinitajia?" nikauliza.

Mlinzi alichomeka chaja ukutani, akakaa. "Labda kwake hajafa," akasema.

Nililia usiku ule, na si kwa aibu peke yake. Nilikuwa nimeelewa kile kilichokuwa kwenye kunong'ona kwake. Yule mama alikuwa amebaki peke yake duniani anayelitaja lile jina, akanipa mimi nimsaidie kulibeba, nami nikalitangaza kwenye benchi la wateja kama bei ya soda. Mdomo uliponza kichwa, wanasema, lakini hapa mdomo ulikuwa wangu na kichwa kilichoponzwa kilikuwa cha mtu mwingine. Tangu siku ile najihadhari na majina ya watu, na humu sitaandika hata moja.

Mnada uliofuata hakuja. Uliofuata tena hakuja. Nilimpelekea kibuyu kwa dereva wa lori, akakirudisha, akasema amekosa wa kumpa. Shangazi aliniambia niyaache, mambo ya watu ni ya watu. Sikuyaacha. Tangazo nililifuta siku ileile, lakini barua kwa wageni niliendelea kuziandika, bila jina, nikieleza sikio tu.

Jibu lililonitoa pumzi lilitoka kwa mwalimu mmoja mstaafu, mama wa kizungu aliyepita kwangu msimu uliopita na kukaa saa tatu akisubiri dishi lipate nguvu. Aliandika kwamba alirudi tena Unguja mwezi uliopita, na kaskazini ya kisiwa alinunua makubazi kwa kijana mmoja wa Kimaasai, wakazungumza sana. Kijana alimwambia kwamba kwao kuna ukungu, mpaka asubuhi ng'ombe wanasikika kengele tu hawaonekani. Mwalimu alimuuliza mbona harudi. Akamjibu kwamba alitoka nyumbani kutafuta, hajapata, na anaona haya kurudi mikono mitupu. Picha, aliandika mwalimu, ameiweka kwenye albamu, na ukurasa wake ni huu.

Nikabonyeza. Picha za wakati ule zilishuka kutoka juu kwenda chini, ukanda mmoja baada ya mwingine. Ikaja anga. Likaja paa la makuti. Zikaja nywele, zimesukwa na kupakwa rangi nyekundu. Likaja paji la uso, na hapo ikasimama. Nje wingu lilikuwa limeshuka, na mvua ikaanza kupiga bati.

Nilikaa mbele ya lile paji la uso mchana mzima. Wateja waliingia, nikawaambia hakuna mtandao, wakatoka. Nililisemesha. Nilimwambia teremka, ndugu yangu, teremka kidogo tu. Saa kumi na moja mvua ilikatika na ukanda mwingine ukashuka, yakaja macho, ikaja pua. Kisha likaja sikio la kushoto, na ndewe yake ilikuwa na ncha mbili zinazoning'inia bila kukutana.

Kijana alikuwa anacheka. Ukingoni mwa picha, kwa tarakimu za rangi ya machungwa ambazo kamera za siku hizo zilikuwa zikizigonga zenyewe, ilikuwepo tarehe.

Sikupiga kelele. Niliichapa kwenye karatasi ngumu ya picha, ile ya akiba tuliyowawekea wageni, nikaenda saluni. Shangazi alikuwa anamsuka mtu. Nikamweleza kwamba naogopa. Masikio yaliyochanika ni mengi, na ukungu hauko Nainokanoka peke yake. Nikipeleka picha ya mtoto wa mtu mwingine, nitakuwa nimemfufua marehemu wao mara ya tatu, na safari hii mbele ya mlango wao.

"Usipoipeleka?" shangazi akauliza bila kuacha kusuka.

Nikaitazama tena picha.

"Basi nunua sukari na majani ya chai," akasema. "Mtu haendi kuomba radhi mikono mitupu."

Nilipanda na lori la mahindi. Kwenye lango la hifadhi nikalipa kiingilio cha raia, kisha tukapanda msituni. Kreta nilikuwa nimeiona mara elfu kwenye kompyuta, kwa picha za watu, na siku niliyopita ukingoni mwake kwa macho yangu sikuona kitu ila ukungu. Dereva alinicheka. Nilikuwa nimeiweka picha ndani ya mfuko wa nailoni, mfuko ndani ya bahasha, bahasha ndani ya sweta, na njia nzima nilikuwa naishika.

Mzee alikuwa ameketi nje ya boma lake, amejifunika blanketi. Nikafika mbele yake nikainamisha kichwa, kama mlinzi alivyonifundisha, ili anisalimie kwa kuniwekea mkono kichwani. Mkono ulichelewa. Nilitazama majani yenye umande na nikahesabu moyoni, nikaona labda nirudi tu kwenye lori. Kisha nikauhisi juu ya nywele zangu, mkono mzito.

"Nimekuja kuomba radhi, mzee," nikasema. "Kwa kutaja."

"Hukujua," akasema. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha mkewe, cha mtu aliyeuza ng'ombe miaka mingi.

"Na nimeleta kitu. Kama siyo, nitakichoma moto mwenyewe, hapahapa."

Nikatoa bahasha. Hakunyoosha mkono. Aliitazama, akatazama pembeni, akalivuta blanketi mpaka kidevuni. Hapo ndipo nilipojua kosa langu la pili. Nilikuwa nimemwona mzee huyu kuwa mgumu, aliyemzika mtoto kabla ya wakati. Kumbe alikuwa mtu aliyeogopa kutumaini.

Akamwita mkewe, kwa jina la yule binti mdogo. Yeyo akatoka akiinama mlangoni, akaniona, akasimama. Alijifuta mikono kwenye shuka, akaichukua bahasha, akaitoa picha, akaigeuzia kwenye mwanga.

Uso hakuutazama. Alianza na shanga za shingoni, akazifuata kwa kidole rangi baada ya rangi.

"Hii shanga si ya mkono yangu," akasema.

Nikafungua mdomo nianze tena kuomba radhi, lakini yeye hakuwa anaongea nami. Kidole chake kilipanda shingoni polepole, kikafika sikioni, kikakaa hapo. Yeyo akaketi chini kwenye umande, taratibu, kama mtu aliyefika mwisho wa safari.

"Lakini sikio ni yangu," akasema.

Machozi yalimtoka bila sauti, na alikuwa akiyafuta yasidondokee picha. Mimi nilisimama na sukari yangu mkononi. Nilitamani kumkumbatia, lakini mbele ya mumewe sikujua kama inafaa, nikabaki nimesimama. Halafu akainuka, akaiweka picha juu ya goti la mzee, akachukua sukari na majani mikononi mwangu, akaingia ndani. Nikamsikia akipuliza moto.

Mzee aliishika ile picha kwa ncha za vidole, akaiweka mbali na macho, akaisogeza, akaiweka mbali tena.

"Ilipigwa lini?"

Nikamwonyesha tarakimu. "Mwezi uliopita, mzee."

"Si ya zamani?"

"Si ya zamani. Aliyeipiga nimemwandikia, akanijibu. Amezungumza naye. Ameniambia mpaka hoteli ambayo anauzia makubazi nje ya mlango wake. Tukituma ujumbe utamfikia."

"Mashine haisemi uongo?"

"Watu ndio wanaosema uongo, mzee. Hii imebeba tu."

Ng'ombe walikuwa wakitoka bomani kwenda malishoni, na ukungu ukawachukua mmoja mmoja. Kengele zao zilisikika muda mrefu baada ya wao kupotea. Mzee hakuwatazama.

"Amekonda," akaniambia.

"Ndiyo, mzee."

Kisha akageuza kichwa upande wa nyumba na kuita. Kimaasai changu kilikuwa cha salamu tu, lakini maneno yalikuwa mawili, na yote mawili niliyajua. Alisema ng'oto, na baada yake akalitaja lile jina, zima, kwa sauti ya mume anayemwita mkewe asubuhi yoyote.

Ndani, kupuliza moto kukakoma. Wanawake waliokuwa wakikama upande wa pili wa boma waliinua vichwa.

Yeyo akaitika.